Kibao Kiliisha Kabla ya Jina

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Sista wa kliniki amekuja mwenyewe. Hakutuma mtu. Amekuja kwa miguu mpaka mlangoni kwangu na koti lake jeupe, majirani wametoa macho. Nikajua tu — wamehangaika huko, wameshindwa, sasa wanamtafuta Fundi Brashi, yaani mimi.

Kweli! Jengo jipya la wazazi limekwisha. Linafunguliwa Jumamosi ya tarehe 16. Litabeba jina la marehemu mke wangu, maana yeye ndiye mkunga aliyeianza kazi ile pale, chumba kimoja, kitanda kimoja, taa ya kandili. Wanataka kibao kipya. Sista anasema kile cha zamani mbao imeliwa na mchwa, hakipandi tena ukutani. Nikamwambia kimekaa miaka arobaini na moja, mvua yake, jua lake. Mchwa wamekula mbao, rangi yangu imewashinda. Akacheka. Akasema ndiyo maana nimekuja kwako, Babu.

Sikukubali haraka. Niliangalia dari kwanza. Niliuliza ukuta unatazama jua la asubuhi au la jioni. Mtu ukikubali haraka wanajua huna kazi. (Sina kazi. Tangu waanze kuchapa mabango kwa mashine sina kazi. Lakini hilo ni langu na daftari hili.)

Halafu akanipa habari yenyewe. Wamealika wanawake watano, wote wakubwa, wote walizaliwa pale mikononi mwa marehemu, na wote wana jina lake! Jaji. Daktari wa kupasua moyo. Yule golikipa wa timu ya taifa wanayemwita Komeo. Injinia wa madaraja. Na yule mwanamke wa kwanza kuendesha winchi kubwa bandarini, alionyeshwa kwenye televisheni mwaka juzi. Watano. Jina moja.

Nilijua wapo waliopewa jina lake. Kila mtaa una wawili watatu, wengine wauza genge, wengine hawana mbele wala nyuma. Lakini jaji!

Nimesema nitafanya. Nimesema nataka ubao wa mninga, futi nane, usio na fundo. Futi nane. Nimerudia mara mbili.


Jumanne, 5 Agosti

Nimefua brashi zote kwa mafuta ya taa. Tatu zimekufa. Mbili bado zina nywele nzuri kuliko mimi.

Kwa kinyozi nimewaeleza. Sikujisifu — nimeeleza tu. Kwamba kuna mtu anaishi hapa mtaani, mnampita kila siku, mkono wake ndio ulioandika jina ambalo leo lina jaji, lina daktari, lina injinia. Kinyozi akasema basi mzee una wake watano, na jiko lako bado baridi! Wakacheka mpaka mtu aliyekuwa ananyolewa kidevu akakatwa kidogo. Nikawaambia chekeni. Darasa la pili nimeishia, lakini nusu ya mji huu mmeusoma kwenye vibao vyangu. Bucha, shule, mahakama. Bwana mkubwa aliyenifundisha alikuwa anasema herufi ni picha. Usiisome, ichore. Nimezichora.

Jioni miguu imeuma. Lakini ni maumivu ya mtu mwenye kazi.


Alhamisi, 7 Agosti

Binti yangu amekuja kutoka shuleni moja kwa moja, chaki bado kwenye vidole. Anafundisha darasa la kwanza, miaka ishirini sasa, na anaongea na kila mtu kama yuko darasa la kwanza. Alishika karatasi. Ni ile orodha ya wageni watano, Sista amempa kwa sababu yeye ndiye atakayefungua kitambaa siku hiyo kwa niaba ya familia.

"Baba, hesabu."

Nikasema nihesabu nini.

"Herufi. Hilo jina. Hesabu."

Nimehesabu kwa kidole. Jaji, tano. Daktari, tano. Golikipa, tano. Wote tano.

"Na mama yangu alikuwa na ngapi?"

Nikatafuta miwani. Ilikuwa usoni.

"Sita, Baba! Sita! H iko wapi?"

Nikasema H haisikiki. Ita kwa sauti hapo nje, nani ataisikia? Akasema, mimi naisikia. Akasema duniani kote jina hili lina H, isipokuwa sehemu moja tu, kwenye kibao changu. Wale mama walikuwa wanazaa, wanatoka nje, wanatazama juu, wananakili. Akasema nimewapotosha watoto wa watu miaka arobaini.

"Jaji amepotoka?" nikamuuliza. "Daktari wa moyo amepotoka?"

Hapo akakaa. Nilidhani nimeshinda. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi. Akanikumbusha mambo ya mwaka ule marehemu alipofariki. Cheti cha ndoa herufi sita. Karatasi za kazi herufi tano. Miezi minane binti anafuatilia mafao ya mama yake ofisi hadi ofisi, wanamwambia hawa ni watu wawili. Mwisho akaenda kula kiapo. "Nilisimama mbele ya karani, Baba, nikaapa kwamba mama yangu ni mama yangu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Amesema hivi. Kibao kipya kikiwa na herufi sita, atafungua kitambaa. Kikiwa na tano, hapiti chini yake, atabaki nyumbani na watu wamwulize kwa nini. Na ameshaongea na wale wa mashine. Watachapa bango la herufi sita, liwe tayari, kama mimi nitaleta ukaidi.

Ukaidi! Nikamwambia mimi nilikuwa naandika mji huu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akasema najua, Baba, nilijifunzia kusoma kwenye vibao vyako, ndiyo maana ilinichukua muda mrefu.

Ameondoka bila kunywa chai.


Ijumaa, 8 Agosti

Hakupiga simu. Na mimi sikupiga.

Ubao umeletwa. Una fundo moja, pembeni. Nimeupokea hivyo hivyo.


Jumapili, 10 Agosti

Leo nimepata mgeni! Komeo mwenyewe! Aliinama kuingia mlangoni. Mikono kama sinia. Timu yao imepiga kambi hapa jirani, akasema nimekuja kumwona babu aliyeandika jina langu. Nikampa kiti kizuri. Majirani walipita mbele ya dirisha mara sita sita, wengine hata hawana njia ya kupita huku.

Akanisimulia habari za mama yake. Mama yake hakujua kusoma hata kidogo. Siku ya pili baada ya kujifungua alitoka akakaa juani, akatazama kibao changu, akakinakili kwa kipande cha mkaa kwenye karatasi ya sabuni. Polepole, mstari kwa mstari. Na kwa kuwa kushoto mwa jina nilichora picha, mama amembeba mtoto, naye akaichora! Alidhani ni herufi ya kwanza. Alipopeleka kwa karani wa vizazi, karani akageuza karatasi huku na huku, akasema hizi tano nazijua, lakini hii ya mwanzo nene hivi, sijawahi kuiona.

Tulicheka na Komeo mpaka nikakohoa. Akanipigapiga mgongoni, karibu anivunje.

Halafu akawa mtu mzima. Amesikia kwa Sista kuna maneno juu ya kibao. Akasema, "Babu, usiniharibie jina. Lipo mgongoni kwangu. Watoto wamelichora kwenye fulana zao kwa kalamu. Ukiweka herufi nyingine pale juu, basi sisi wote tumekosewa. Mama yangu alikaa juani saa nzima, akanakili kosa?"

Nikamwuliza penalti ikipigwa anaangalia mguu au jicho la mpigaji. Akasema nyonga. Mguu unadanganya na jicho linadanganya, nyonga haidanganyi.

Nimebaki na neno hilo.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda jengo jipya kupima ukuta. Zuri. Madirisha makubwa. Kila kitanda kina pazia lake. Marehemu angefungua kila pazia akalifunga, akafungua tena.

Kibao changu cha zamani wamekiegemeza nyuma, karibu na matangi ya maji. Sikukitazama sana. Rangi bado ipo. Yule mama na mtoto wake bado wapo.

Nimemwomba Sista rejesta za zamani. Zile alizokuwa anaandika marehemu mwenyewe. Kila ukurasa tarehe, saa, uzito, jinsia, jina la mama, na chini sahihi ya mkunga. Sista akauliza za nini. Nikasema utafiti. Akaniangalia, akacheka kwa pua. Lakini amenipa tatu, zimefungwa kamba.

Nitamwonyesha binti yangu. Marehemu aliishi na kile kibao miaka na miaka, hakuwahi kulalamika. Siku nilipokipandisha tu ndiyo alitoka nje, akafuta mikono, akatazama juu, akasema, "Fundi, mbona nimepungua?" Nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi, H imeachwa, mjini wote wameiacha. Akacheka. Ndani mtu akapiga kelele za uchungu, akarudi. Basi. Yameisha. Mtu akicheka si amekubali?


Jumatano, 13 Agosti

Siku mbili nasoma. Mimi kusoma ni kama kubeba mawe. Nimeweka rula chini ya mstari ili macho yasitoroke.

Rejesta ya kwanza. Kila ukurasa, chini, jina lake. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama yeye. Herufi sita. Nimehesabu zote. Sita, sita, sita. H yake alikuwa anaifunga kibwebwe katikati, kamstari kamezidi kidogo kulia. Nilikuwa nimesahau.

Rejesta ya pili. Kibao nilikipandisha mwezi wa tano, mvua zinaisha. Mwezi wa tano, sita. Wa sita, sita. Nikasema ahaa! Nimemkamata binti! Mama yake hakubadilika!

Halafu mwezi wa saba, tarehe tisa. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Chini hapo ameandika jina lake, sita. Na H ameikata. Mstari mmoja, umenyooka, haukukwaruza karatasi. Ukurasa unaofuata, tano. Unaofuata, tano. Mpaka mwisho wa rejesta, tano. Ya tatu yote, tano.

Nimerudi kwenye ile H iliyokatwa mara nyingi. Nimeiwekea kipande cha gazeti.

Miaka yote alikuwa ananipikia, ananifulia, tunazeeka wote, tunagombana kuhusu chumvi. Na hakuniambia kwamba amejikata.


Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Sista, rejesta kwapani. Yeye wakati ule alikuwa msichana, ndiyo anaanza kazi, alikuwa anamshikia marehemu taa. Nikamfungulia pale penye gazeti. Nikamwuliza tu, hii nini.

Akasema afisa wa vizazi alikuwa anarudisha karatasi. Kina mama wanaleta jina la mkunga walilonakili kibaoni, tano, na sahihi ya mkunga ni sita. Anauliza nani huyu mwingine. Watoto wakakaa bila vyeti, wengine miezi. Marehemu akaambiwa achague, kibao kibadilishwe au yeye abadilike. Sista ndiye aliyemwambia si umwambie tu mzee ashushe kibao, arekebishe, kazi ya nusu siku?

Marehemu akamjibu, "Fundi wangu hashuki. Acha nishuke mimi."

Nikamwuliza Sista alisema akicheka au alisema kwa uchungu.

"Alisema akinawa mikono, Babu."

Nimerudi nyumbani. Sikupita kwa kinyozi.

Sasa ni saa tisa alasiri, mlango nimefunga, nitaandika jambo. Hakuna atakayelisoma.

H nilikuwa naijua.

Watu wote wanadhani sikujua. Binti yangu anadhani hivyo, anadhani baba yake darasa la pili, masikini, hakujua jina la mkewe lina herufi ngapi. Nimewaacha wadhani. Nilikuwa nalijua jina lile kabla sijajua la kwangu. Niliwahi kuliandika kwenye mchanga, kwenye ndoo, kwenye mlango wa choo cha baba yake, nikakimbizwa. Sita zote.

Ilikuwa hivi. Ubao ulikuwa futi tano. Nikaanza na picha. Nilitaka mama aliyebeba mtoto, mtu asiyejua kusoma aone ajue hapa ni mahali gani. Nikamchora. Na alitoka mzuri! Sijawahi kuchora mtu kama yule, kabla wala baada. Lakini nyonga zilikuwa pana kuliko nilivyopanga. Mkono ulinoga, nikaenda nao. Kisha nikaanza jina, herufi nene, za kusomeka kutoka kwenye kona ya barabara. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Nikarudi nyuma hatua kumi nitazame.

Herufi zilizobaki mbili. Nafasi iliyobaki moja.

Kibao kiliisha kabla ya jina.

Sikupima. Mimi! Fundi Brashi, niliyekuwa nawacheka wengine wanaobana herufi za mwisho kama abiria waliochelewa. Sikupiga uzi wa mstari, sikugawa nafasi. Ningeweza kufuta. Ningeweza kumpunguza yule mama nyonga, rangi ilikuwa bado mbichi. Nilishika kitambaa kabisa. Nikashindwa. Alikuwa mzuri mno. Nikatazama zile herufi mbili, moja inasikika, nyingine haisikiki. Nikaandika inayosikika.

Waseme sijui kusoma, haidhuru, ni kweli nusu. Lakini waseme Fundi Brashi hakupima?

Kwa hiyo nilimpunguza mke wangu nikaiacha picha. Ndivyo ilivyo. Imeandikwa.


Ijumaa, 15 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye baraza la jengo jipya, nimekalia kopo la rangi. Mambo yamekuwa mengi, niandike upesi.

Asubuhi nimepaka rangi ya chini mkono wa pili. Nikiwa nasubiri ikauke akaja Komeo, na nyuma yake mwanamke mfupi mwembamba, mkoba begani, viatu vya kawaida. Nikamwuliza mama unatafuta kliniki? Komeo akakaribia kuanguka. Ndiye Jaji! Mimi nilitegemea mtu wa kujaza mlango. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita Baba. Amewahi kufika siku moja kabla, hapendi kuchelewa.

Wakaanza kubishana mbele yangu kama mtu na mdogo wake. Komeo bado yuko pale pale, tano au hakuna. Jaji anasema yeye ameapishwa kwa herufi tano, amefunga watu miaka kumi na moja kwa herufi tano.

"Na mimi nimefungwa kwa hizo hizo tano," Komeo akasema. "Mara tatu, fainali."

Hata Sista, aliyekuwa anapita na mashuka, alisimama akacheka. Lakini Jaji akasema jina la mtu ni la mtu. Kama mkunga yule alizaliwa na sita, aandikwe sita, sisi tutajibeba wenyewe. Sista akaleta hoja yake. Andika yote mawili, juu na chini, kila mtu afurahi. Nikamkatalia hapo hapo. Mke wangu si duka, hana matawi.

Katikati ya hayo binti yangu akaingia. Kwapani ana mrija mrefu wa karatasi, umefungwa. Najua ni nini. Ni lile bango la mashine. Akawasalimia wote, mimi akaniamkia kama mtoto wa shule anavyomwamkia mkuu wa shule. Akasimama kando.

Jaji akanigeukia. Nadhani ni mazoea ya kazi, hakukusudia ubaya. "Baba, ile herufi hasa ilikwenda wapi?"

Wakanitazama wote wanne. Nilikuwa na majibu mawili tayari, yote ya zamani, yote yanafanya kazi. Ndiyo mtindo wa siku hizi. Au, sikusoma wanangu, mnisamehe. La pili wangelipenda. Ningepigwapigwa hata mabegani.

Nikasema, "Kibao kiliisha."

Hawakuelewa. Nikawaeleza. Futi tano. Picha. Nyonga. Hatua kumi nyuma, herufi mbili, nafasi moja. Nikawaambia sikupima.

Komeo ndiye aliyeanza kucheka, akashika nguzo. Jaji akaziba mdomo, mabega yanatikisika. Sista akasema miaka yote hii, Babu, na mimi nilikuwa namlaumu mwalimu wako! Binti yangu peke yake hakucheka.

"Miaka arobaini na moja," akasema. "Kiapo. Karani. Miezi minane. Kwa sababu ya nyonga?"

"Zilikuwa nyonga nzuri," nikasema. Lilinitoka. Ni kweli lakini lilinitoka.

Nilidhani ataondoka. Nikachukua rejesta kutoka kwenye mfuko wangu wa brashi, nikaifungua palipo na gazeti, nikampa. Nikaogopa nikisema nitajisifu, hata hapo.

Akasoma amesimama. Yeye anasoma haraka, lakini ukurasa ule haukuisha. Akapitisha kidole juu ya ile H. Akafungua unaofuata, na unaofuata. Sista akamweleza yale ya afisa wa vizazi. Akamweleza na lile neno, la kushuka. Binti yangu akaniangalia. Sijui jicho lile nililipe jina gani. Si hasira, hasira yake naijua, nimeilea.

"Kwa hiyo alichagua," akasema.

"Alichaguliwa," nikamwambia. "Mimi ndiye nisiyeshuka."

"Lakini aliandika kwa mkono wake, Baba. Miaka yote iliyobaki. Hakuwahi kurudi nyuma hata siku moja."

"Kwa sababu yangu."

"Au kwa sababu yao," Komeo akasema. Hakuwa anacheka tena. Jaji akamgusa mkono, wakasogea pembeni wote wawili, wakajifanya wanatazama madirisha. Sista akakumbuka mashuka yake.

Tumebaki wawili. Jambo la ajabu, tumebadilishana. Mimi sasa nataka sita. Nataka nimrudishie herufi yake, hata hao watano wanichukie, hata watoto wafute fulana. Na yeye, aliyetaka sita kuliko uhai, anakaa na rejesta magotini anasema sijui, Baba, sijui tena. Hizi tano ni mwandiko wake. Nikiandika sita namfuta yeye au nakufuta wewe?

Nikamwambia mimi nifute tu. Akasema si rahisi kihivyo, wewe una rangi isiyoliwa na mchwa.

Ni utani huo? Nadhani ni utani. Tangu mama yake afariki, miaka minne, hajanitania.

Ule mrija wa karatasi ameuegemeza ukutani, haujafunguliwa. Ameinuka, amekung'uta sketi. Amechukua uzi wa chaki kutoka kwenye kopo, bila kuambiwa, amekwenda mwisho wa ubao akaushikilia pale kwa kidole gumba, sawasawa kabisa. Nilimfundisha alipokuwa na miaka sita. Futi nane nzima mbele yetu, nyeupe, imekauka. Hakuna picha safari hii. Nafasi ipo ya kila kitu.

"Haya, Fundi," akasema. "Tugawe mara ngapi?"

Nimemwambia subiri, napiga hesabu. Ndiyo maana naandika hapa. Anajua sipigi hesabu. Jaji na Komeo bado wako kule dirishani. Mwisho wangu wa uzi bado uko chini, miguuni. Yeye wa kwake ameshika, na haangalii ubao, ananiangalia mimi, na mimi naweka kalamu chini, niuokote uzi.